Kadeti wa anga Uingereza: mwongozo kamili kwa mzazi, kuanzia barua pepe ya kwanza hadi siku ya ahadi

Ukifika mwezi wa tisa napigiwa simu zilezile. "Dada, tuliandika, kimya." "Tulienda, tukakuta mlango umefungwa." "Walimpokea, akaenda wiki tatu, akaacha, eti wanamfokea." Nikiuliza vizuri nagundua karibu wote wamejikwaa kwenye mawe yaleyale matano au sita, na mtoto mwenyewe hana tatizo lolote.

Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayeishi Uingereza, mwenye mtoto anayetaka kujiunga na Royal Air Force Air Cadets, yaani makadeti wa anga, chama cha vijana kilicho chini ya Jeshi la Anga la Uingereza. Nimeupitia mlango huo kama mama wa watoto wawili, kisha nikakaa kwenye kamati ya raia ya kikosi, ile inayochemsha chai, kuuza tiketi za bahati nasibu na kuhesabu ada.

Jambo moja tulimalize kabla ya yote, maana ndilo shangazi na wajomba hupiga simu kuliulizia: mtoto haandikishwi jeshini. Kadeti si askari, hapelekwi popote kupigana, hana mkataba, na anaweza kuacha siku yoyote anayotaka. Walimu wake wengi ni watu wa kujitolea wenye kazi zao za mchana, waliochunguzwa rekodi zao za uhalifu kabla ya kuruhusiwa kukaa na watoto. Hilo la kujitolea likumbuke, maana ndilo linaloeleza nusu ya matatizo yaliyo hapa chini.

## Andaa hivi kwanza

- Mwaka wa shule aliomo mtoto, na tarehe yake ya kuzaliwa.
- Hati ya kuonyesha umri: pasipoti au cheti cha kuzaliwa.
- Jina na anwani ya kituo cha daktari wenu, dawa anazotumia mtoto, na mzio alionao.
- Watu wazima wawili wa kupigiwa simu ya dharura, wanaopokea simu kweli. Baba aliye zamu ya usiku ghalani, simu ikiwa kwenye kabati, hahesabiki.
- Barua pepe mbili zinazofunguliwa kila siku, yako na ya mtoto. Usitumie ile ya binamu aliyewasaidia kujaza fomu za shule miaka mitatu iliyopita.
- Fedha ya ada ya mwezi. Kila kikosi hupanga yake. Vingi hutoza kitu kama pauni 10 hadi 20. Sare mtoto huazimwa bure, viatu mnanunua wenyewe.
- Jioni mbili kila wiki.

Hilo la mwisho ndilo ghali kuliko yote. Vikosi vingi hukutana mara mbili kwa wiki, kuanzia kama saa 1 jioni hadi saa 3 na nusu usiku. Kama mtoto ana madrasa au mazoezi ya kwaya siku hizohizo, kaeni mlimalize nyumbani kabla ya kuandika chochote. Nimeona watoto wazuri wakipoteza nafasi kwa sababu walikuwa wanakuja Jumatatu tu.

## Hatua ya 1: Hakikisha mtoto amefika mwaka wa 8

Hapa ndipo wengi hurudishwa. Wazazi husikia "miaka 12", basi mtoto akitimiza 12 mwezi wa kumi wanamvalisha na kumpeleka. Anarudishwa, analia njia nzima.

Sharti lina sehemu mbili: awe na miaka 12, na awe ameanza mwaka wa 8 wa sekondari kwa hesabu ya Uingereza na Wales. Mtoto wa mwezi wa kumi hutimiza 12 akiwa bado mwaka wa 7, kwa hiyo anasubiri hadi shule zifunguliwe mwezi wa tisa unaofuata. Kwa vitendo, basi, tazama darasa lake kwanza, keki ya kuzaliwa baadaye. Scotland na Ireland ya Kaskazini madarasa yana majina mengine. Uliza kikosi cha huko kipi kinalingana.

Upande wa juu, mlango wa kuingia hufungwa kwenye umri wa miaka 17. Aliyekwisha kuingia anaweza kuendelea hadi 20, ingawa akifika 18 anahesabiwa mtu mzima na huchunguzwa kama watu wazima.

Una mtoto wa miaka 15 na unadhani amechelewa? Hajachelewa. Ila atapiga kwata pamoja na wa miaka 12, na atapewa amri na mtoto mdogo kwake aliyeingia mapema. Mwambie leo, asiende kuligundua huko.

## Hatua ya 2: Chagua kikosi, na uhakikishe ni chenyewe

Nenda kwenye tovuti rasmi ya RAF Air Cadets, weka postikodi yako, utaona vikosi vilivyo karibu. Vipo zaidi ya 900 nchi nzima, kwa hiyo mjini kwa kawaida una viwili au vitatu vya kuchagua.

Usichukue tu cha karibu. Angalia siku za mikutano, kisha angalia basi la kurudi saa 3 na nusu usiku mwezi wa kwanza, baridi ikiwa inauma. Kikosi cha maili nne chenye basi la moja kwa moja ni bora kuliko cha maili mbili kinachomwacha mtoto kwenye kituo chenye giza.

Mitego ni miwili. Kwanza, jengo moja mara nyingi hutumiwa na makadeti wa jeshi la nchi kavu na wa anga kwa siku tofauti. Mama mmoja nimjuaye alimpeleka mwanawe mwezi mzima kwa makadeti wa nchi kavu, akawa anashangaa mbona ndege hazitajwi. Pili, baadhi ya shule zina makadeti wao wa ndani, wanaoitwa CCF, nao wanaweza kuwa na upande wa anga. Kule kwa kawaida huingia wanafunzi wa shule ile na za jirani walizokubaliana nazo. Ukiandikia shule ambayo mtoto wako hasomi, usishangae usipojibiwa.

Ukimaliza hatua hii unatakiwa uwe na karatasi yenye namba ya kikosi, mtaa, siku mbili za mkutano, na namba ya basi.

## Hatua ya 3: Mtoto aandike mwenyewe

Tovuti ina fomu ya kuonyesha nia. Jaza, halafu mtoto aandike barua pepe fupi kwa kikosi. Mtoto, si wewe. Wanaoipokea wanataka kujua nani anataka kuja, mzazi au mwana, na barua iliyoandikwa na mama kwa Kiingereza cha ofisini inajulikana toka mstari wa kwanza.

Mistari minne inatosha: jina lake na mwaka wa shule; kwa nini anapenda (akipenda kamera za droni aseme droni, si lazima aseme anataka kuwa rubani); kwamba jioni zote mbili yuko huru; na swali moja: mnapokea wapya lini? Jina lako na simu yako ziwe chini.

Sasa subiri. Anayesoma barua hizo ni fundi umeme au mwalimu ambaye amerudi kazini saa 12, amekula amesimama, amekimbilia kikosini. Wiki mbili bila jibu si dharau. Zikipita, andika tena kwa upole. Zikipita nyingine, nenda hatua ya 4 moja kwa moja.

Ukijibiwa kwamba kuna orodha ya kusubiri, kubali na uombe jina liandikwe. Vikosi vingi hupokea watoto kwa mafungu, mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa sababu huwezi kuwafundisha kugeuka kulia watoto walioanza wiki tofauti. Andika tena kila baada ya wiki nne au tano kukumbusha. Orodha hizi huyeyuka: watoto wengi hubadili nia, na nafasi humwendea aliyebaki anaonekana.

## Hatua ya 4: Nenda usiku wa mkutano, uingie na wewe

"Tulikuta mlango umefungwa" maana yake mlikwenda Jumamosi mchana. Majengo haya hayana mhudumu wa kudumu. Nje ya jioni mbili zile ni kimya, na simu ya ukutani hulia mpaka inachoka.

Fika dakika kumi kabla. Mtoto avae suruali safi, viatu vilivyofungwa kamba, nywele nadhifu. Sare hana, hakuna anayetegemea awe nayo. Wewe usimshushe ukaondoka. Ingia, sema jina lako, ulize maswali haya: nani anashughulikia wapya, ada ni kiasi gani na hulipwaje, watoto wakienda kambini analala nani chumba gani, na chakula je.

La chakula lisikutie aibu. Makadeti Waislamu wapo tele, na hata pakiti za chakula cha jeshi zina aina za halali na za wasiokula nyama. Hijabu pia huvaliwa pamoja na sare. Uliza rangi wanayotaka mapema, ili usinunue mara mbili. Ramadhani ikiangukia majira ya baridi, magharibi huingia kabla ya mkutano kuanza na hakuna shida. Ikiangukia kiangazi, futari itakuwa katikati ya kipindi au baada yake. Mwambie mkuu wa kikosi wiki moja kabla, mtoto apewe nafasi ya kufungua na kuswali, na siku hizo asikimbizwe uwanjani.

Dalili kwamba umefaulu: umeondoka na jina la mtu mmoja, tarehe ya fungu lijalo, na mtoto anayeongea bila kupumua ndani ya basi. Kama hatoi neno, msikilize. Labda hapendi, na hiyo ni haki yake.

## Hatua ya 5: Fomu, na ukweli wa afya

Taarifa nyingi siku hizi hujazwa mtandaoni kwenye akaunti ya mtoto, nawe unathibitisha ridhaa. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Watoto wetu wana majina matatu, na shuleni pengine wanatumia la babu; hapa yakigongana utasumbuka kila safari ya kambi. Uraia ukiulizwa, jaza ulio nao kweli.

Sehemu ya afya ndiyo inayotutia matatani. Tuna mazoea ya kuficha pumu, kifafa, selimundu, tukihofia mtoto ataachwa. Kinachotokea ni kinyume. Ugonjwa uliotajwa hupangiwa utaratibu: dawa inabebwa na nani, shughuli ipi ifanywe, ipi isubiri kauli ya daktari. Uliofichwa hujitokeza juu ya mlima saa 9 usiku, kwenye hema, mbele ya mwalimu asiyejua kitu. Na kama ni selimundu, suala la kuruka lazima lipite kwa madaktari. Usilimalize wewe kwa kuacha kisanduku wazi.

Ridhaa nyingine, kama ya kuruka na ya kulenga shabaha, huja moja moja baadaye. Huikubali shabaha? Sema. Mtoto ataendelea na mengine.

## Hatua ya 6: Wiki za mwanzo, ambapo wengi huanguka

Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya simu ninazopokea zinatoka kwenye wiki hizi.

Mpya hasajiliwi kadeti kamili papo hapo. Kwanza hupita kipindi cha majaribio: anajifunza kwata, vyeo, jinsi ya kuvaa, na masomo ya mwanzo. Ndege hakuna. Hiki ndicho kinachomvunja mtoto aliyeahidiwa rubani. Mwambie mapema: miezi ya kwanza ni kusimama, kugeuka na kunyamaza.

Kwata wazazi mliosoma Tanzania mnaijua. Mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, ni hiyohiyo kwa Kiingereza. Mfundishe jikoni dakika tano kila siku. Mwanangu wa pili alijifunza kugeuka kati ya friji na mashine ya kufulia, na alipofika kule alikuwa hagongani na mtu.

Kisha kuna mambo mawili ambayo hayaandikwi popote.

La kwanza ni macho na sauti. Tumewafundisha watoto wasimkodolee mkubwa macho, na wajibu kwa sauti ya chini. Ni adabu. Kikosini, adabu ni kutazama mbele bila kupepesa na kujibu kwa sauti inayofika ukuta wa pili. Mtoto wetu akiinamisha uso, mwalimu anadhani hana hamu au hajiamini. Mweleze kwamba anabadilisha adabu kama anavyobadilisha viatu mlangoni; akirudi nyumbani shikamoo iko palepale.

La pili ni kelele. Amri hutolewa kwa kupaza sauti kwa sababu ukumbi ni mkubwa na watoto ni arobaini, na anayezitoa mara nyingi ni kadeti mwenzake mwenye cheo, binti wa miaka 16 labda. Hakumkasirikia mtu. Saa 3 na nusu utamkuta anagawa biskuti. Lakini utofautishe: amri ya kwata ni kwa wote na kuhusu miguu. Mtoto akitukanwa, akidhihakiwa jina, rangi au dini, hiyo si kwata. Mwone mkuu wa kikosi usiku uleule, na kila kikosi lazima kiwe na njia ya kuripoti inayokwenda juu zaidi yake. Usimwachishe kimyakimya.

Mahudhurio yanahesabiwa. Akiumwa, tuma taarifa kabla ya mkutano. Watu wa kujitolea husamehe mengi, ila mtoto anayepotea wiki tatu bila neno jina lake hufutwa ili mwingine aingie.

Utajua anasonga mbele siku atakapokusahihisha wewe jinsi ya kusimama kwenye foleni ya duka.

## Hatua ya 7: Sare

Sare hutoka stoo ya kikosi, na stoo haina kila saizi. Pokea iliyopo, omba ibadilishwe baadaye. Ni mali ya kuazima: usiikate. Suruali ndefu ikunjwe ndani na kushonwa kwa mkono, mwakani utaifumua.

Viatu. Vyeusi, vya ngozi halisi, vya kamba, visivyo na nembo wala mapambo. Plastiki inayong'aa dukani haishiki kiwi na hupasuka kwenye mkunjo. Paka kiwi kidogo kwa kitambaa chenye unyevu, zungusha taratibu, rudia tabaka kwa tabaka. Kopo moja linatosha miezi mingi. Wanaolimaliza kwa wiki wanapaka kama siagi kwenye mkate.

Bereti. Mpya inakaa kichwani kama chapati iliyokosa moto. Fanya hivi:

1. Ilowanishe kwa maji ya moto ya bomba, si ya birika, kisha ya baridi. Ikamue bila kuisokota.
2. Aivae ikiwa mbichi. Ukanda ulale sawasawa kuzunguka kichwa, vidole viwili hivi juu ya nyusi.
3. Beji ikae juu ya jicho la kushoto. Kitambaa kilichobaki kivutwe chini upande wa kulia.
4. Akae nayo dakika ishirini au zaidi, akitazama chochote, halafu ikauke yenyewe. Rudia siku mbili tatu.

Usiitie kwenye mashine ya kufulia wala kwenye hita. Ni sufu, itamfaa mdoli.

Nywele zetu zinahitaji kupangwa kabla, si asubuhi ya ukaguzi. Bereti haikai juu ya afro puff wala rasta zilizofungwa utosini. Kwa wasichana, mistari ya kusuka inayoelekea nyuma na kubanwa chini kisogoni ndiyo inayofanya kazi vizuri. Msuke Jumapili.

Shati na pasi. Mkono wa shati uwe na mkunjo mmoja tu, toka begani hadi kwenye kifungo. Miwili inaitwa reli na huchekesha ukumbi mzima. Beji hazishonwi kwenye shati; hukaa kwenye brassard, kitambaa cha pekee kinachovaliwa juu ya mkono wa shati, upande wa kulia. Shona kwa nyuzi za rangi ya beji, mishono midogo. Gundi hutoka kwenye mvua, na mvua ipo.

## Hatua ya 8: Siku ya ahadi, na baada yake

Akimaliza majaribio mtoto husimama mbele ya kikosi na kutoa ahadi ya kadeti: kukitumikia kikosi kwa uaminifu, kuwa raia mwema, na kutimiza wajibu wake kwa Mungu, Mfalme na nchi. Isomeni pamoja nyumbani. Mwenye dukuduku la kidini kuhusu maneno hayo amwone mkuu wa kikosi kabla ya siku, si baada ya mtoto kusimama. Wazazi huwa wanaalikwa. Nenda, hata kama ni nusu saa kutoka kazini.

Toka hapo mambo hufunguka. Beji hupanda kwa rangi, buluu, shaba, fedha na dhahabu, katika huduma ya kwanza, redio, uongozi, kuruka na mengineyo. Tuzo ya vijana ya Duke of Edinburgh hufanyika humohumo. Mwezi wa kumi na moja utamwona akiwa mstarini kwenye mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, ua jekundu kifuani, mikono imekufa kwa baridi. Mvalishe fulana ya joto ndani.

Na ndege? Zipo kweli. Ya injini inaitwa Grob Tutor, ina viti viwili ubavuni kwa ubavu. Mtoto hukaa karibu na rubani, amefungwa parachuti, ana vipokea sauti masikioni, na mara nyingi hupewa usukani kwa dakika kadhaa. Ya bila injini ni Viking, inayovutwa juu kwa kebo ya winchi. Kuna mipaka ya uzito na urefu, kwa hiyo vipimo vyake viwe sahihi.

Safari ya kwanza ikiahirishwa kwa mawingu, na ya pili kwa upepo, msipige simu kikosini. Wa kwangu mkubwa aliamka saa 11 alfajiri mara tatu kabla ya kuruka mara moja. Siku hiyo ya nne mpe chai na mkate tu. Maharage ya jana yabaki kwenye friji.